Marejeo ni Ngamani: Kilwa, Tunguu na Safari Ndefu za Angani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndivyo walivyosema wahenga wa mwambao, na aghlabu methali hii hutajwa kumwonya kijana aliyeghurika na dunia kwamba iko siku atarudi alikotoka. Lakini kabla ya kuwa onyo, maneno haya yalikuwa maelezo ya chombo. Tezi ni nyuma ya jahazi na omo ni mbele yake; ngama ni pale chini kabisa yanapokusanyika maji yanayopenya baina ya mbao. Baharia aweza kwenda na kurudi mchana kutwa, atazame machweo akiwa tezini na aitafute nchi kavu akiwa omoni, lakini zamu yake ikifika hana budi kushuka ngamani kufua maji. Yasipofuliwa, hapana tezi wala omo.

Katika baadhi ya jioni, mbingu ya Kilwa Kisiwani inapokuwa haina wingu, huonekana baada ya Magharibi nukta ya mwanga ikipita juu ya magofu. Haimetimeti kama nyota wala haipepesi taa kama ndege. Hukata anga kwa dakika chache, kisha huzimika ghafla inapoingia katika kivuli cha dunia. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na ndani yake mna watu. Kimo chake ni takriban kilomita 400, yaani kiasi cha masafa ya kutoka Lindi hadi Unguja kwa mstari ulionyooka. Mtu wa Lindi aliyewahi kwenda Unguja kwa jahazi amekwisha kusafiri masafa kama hayo. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda ubavuni mwa dunia, na wale wamekwenda juu yake. Tangu tarehe 2 Novemba 2000, walipoingia humo Mmarekani William Shepherd na Warusi Yuri Gidzenko na Sergei Krikalev, kituo hicho hakijapata kukaa bila ya mtu hata siku moja.

Kilwa nayo ilikuwa kituo. Kwa karne kadhaa watu wa mataifa mbalimbali walifika hapo kwa vyombo, wakakaa miezi wakiutegemea mji kwa maji na chakula, kisha wakarudi kwao. Yafaa basi kuuliza mji huo una neno gani la kusema juu ya kituo kingine kinachopita juu ya magofu yake. Neno lake ni kwamba kituo, kiwe cha matumbawe au cha chuma, husimama juu ya mapatano baina ya anayekwenda na anayebaki. Mapatano yakishikwa, msafiri hukaa ugenini hata mwaka mzima na akarudi salama. Yakivunjwa, kuta huachiwa popo.

Mji uliojengwa na kungoja

Historia ya mwambao husimuliwa zaidi kama historia ya kusafiri, ilhali kwa kiasi kikubwa ni historia ya kungoja. Upepo wa kaskazi hushika kuanzia Novemba au Desemba hata Machi, nao ndio uliovileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Upepo wa kusi hufuata kuanzia Aprili, nao ndio uliovirudisha. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga kabla ya kusi kupamba moto katikati ya mwaka alilazimika kungoja hadi bahari itulie mwezi wa Agosti au Septemba. Aliyeikosa na nafasi hiyo alikula mwaka ugenini, yeye na mabaharia wake.

Kilwa ilipata utukufu wake kutokana na hesabu hiyo. Mji uko karibu digrii 9 kusini mwa Ikweta, takriban mwisho wa masafa ambayo chombo cha Arabuni kiliweza kuyafika kwa kaskazi na kurudi kwa kusi katika msimu mmoja. Dhahabu ilikuwa mbali zaidi, Sofala. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba kutoka hapo hadi Sofala ni safari ya nusu mwezi. Mgeni aliyetaka kwenda mwenyewe mpaka huko, auze na anunue, kisha arudi, alijua kuwa msimu ungempita. Kwa hivyo vyombo vya mwambao vilikwenda kusini kuleta dhahabu na pembe za ndovu, na mgeni alipotia nanga Kilwa aliikuta mali ikimngojea.

Sultani aliyempokea Ibn Battuta alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Katika zama zake Msikiti Mkuu ulipanuliwa, na juu ya jabali la pwani, mashariki ya mji, likajengwa jumba la Husuni Kubwa. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuzi wa Kilwa katika miaka ya 1960, alifunua humo vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pembe nane, na ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala ya wafanyabiashara. Jumba halikumalizika kujengwa, lakini ramani yake inatosha kueleza mawazo ya aliyelijenga. Mfalme na ghala la mgeni viliwekwa chini ya paa moja. Sarafu ya shaba ya sultani huyo iliokotwa ndani kabisa ya bara, katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ishara ya umbali uliofikiwa na mkono wa kituo hicho.

Mapatano ya kituo yalikuwa na sura ya kibinadamu. Ibn Battuta anaeleza kwamba huko Mogadishu, chombo kilipotia nanga, vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mgeni hakuwa na jeshi wala mahakama yake ugenini. Alichokuwa nacho ni mwenyeji. Na mwenyeji alikuwa na sababu ya kumtunza, kwa kuwa kaskazi ya mwaka ujao ilikuwa ikija.

Nyota zilizotiwa vina

Wapenzi wa ushairi wana sababu ya pekee ya kuikumbuka njia ya Kilwa, kwani iliandikwa kwa beti. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Arabuni wa karne ya 15, alitunga urjuza uitwao al-Sufaliyya, unaoeleza safari ya kutoka Bara Hindi hadi pwani ya Waswahili na kuendelea kusini mpaka Sofala. Kilwa imo katika njia hiyo. Elimu hiyo ilitiwa katika bahari ya rajaz kwa sababu ya kazi yenyewe. Usiku wa mawimbi rubani hana nafasi ya kufungua kitabu. Kipimo cha nyota kikiwa na mizani na vina hukaa kichwani, na neno likipotea mizani hulidai.

Kipimo chenyewe kilikuwa kidole. Rubani alinyoosha mkono, au alitumia kibao chenye uzi na mafundo, akapima nyota imepanda vidole vingapi juu ya upeo wa bahari. Kidole kimoja kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Nyota ya kwanza kwake ilikuwa jaa, ile isiyohama kaskazini. Lakini kila chombo kilivyokwenda kusini jaa ilishuka, na baada ya kuvuka Ikweta ikazama moja kwa moja. Hapo rubani alishika nyota nyingine zilizokuwa bado zikionekana, Farkadani na Naashi, akaendelea na hesabu yake. Lugha ya Kiswahili imelihifadhi neno jaa kwa maana ya kaskazini hata miongoni mwa watu wa Kilwa na Lindi, ambao nyota yenyewe hawawezi kuiona. Jina lilikuja na vyombo, likabaki pwani baada ya vyombo kuondoka.

Al-Sufaliyya nao ulihifadhiwa mbali na bahari yake, katika maktaba ya mji wa Leningrad, na ulichapishwa na mtaalamu T. A. Shumovsky katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1957. Mwaka huo huo, tarehe 4 Oktoba, nchi hiyo hiyo ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na mwanadamu. Bila ya kukusudiwa, mwaka mmoja ulifufua elimu kongwe ya kwenda Kilwa kwa nyota na ukafungua safari ya kwenda kwenye nyota zenyewe. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akaizunguka dunia kwa dakika 108 na kurudi. Swali la kama mtu aweza kwenda lilijibiwa siku hiyo. Lililobaki ni lile la Kilwa: je, aweza kukaa?

Walioondoka pasi na marejeo

Kabla ya kulifuata swali hilo angani, haki yataka kueleza namna mapatano ya Kilwa yalivyovunjika. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji na kuutoza kodi kwa vitisho vya mizinga. Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu za vita. Mji ukatekwa na kuporwa, na Wareno wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaihama. Walipouteka mji walidhani wameiteka biashara, kumbe biashara haikuwa ndani ya kuta. Ilikuwa katika imani ya mwenyeji na mgeni, ya mtu wa Sofala na mtu wa Kilwa, na imani haipakiwi merikebuni.

Uchungu zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, akaahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 kila mmoja. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, upande wa bara, ikawa miongoni mwa bandari kubwa za biashara hiyo, na misafara ikateremsha watu kutoka pande za Ziwa Nyasa. Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza mwaka 1873, nayo ikaendelea kwa siri na kwa njia ya nchi kavu hata baada ya hapo.

Watu hao nao walikuwa wasafiri wa safari ndefu. Walivuka bahari ile ile kwa pepo zile zile, na wengi wao walikaa chini ya chombo, karibu na maji ya ngama. Kilichowatenganisha na baharia hakikuwa umbali wala muda, kwa kuwa hata baharia aliweza kupotea miaka. Kilichowatenganisha ni kwamba hapana aliyeahidi kuwarudisha. Historia yoyote ya kukaa mbali inayoanzia Kilwa haina budi kuwakumbuka, kwani wao ndio wanaofundisha kwamba safari hupimwa kwanza kwa marejeo yake.

Sikio la Tunguu

Safari za angani ziliifikia pwani hii mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 14 Oktoba 1960 Marekani na Uingereza, ambayo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yake, zilipatana kuweka kisiwani kituo cha kufuatilia vyombo vya angani. Kituo kikajengwa Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mradi wa Mercury. Mtu anayeizunguka dunia hutokeza juu ya upeo wa kila nchi kwa dakika chache tu, kwa hivyo ilihitajika safu ya vituo, kila kimoja kimpokee kutoka kwa mwenzake na kumkabidhi kwa mwingine. Kano katika Nigeria ilimkabidhi kwa Zanzibar; Zanzibar ikamkabidhi kwa meli iliyongoja katika Bahari ya Hindi; meli ikamkabidhi kwa Australia.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Katika mzunguko wa kwanza, alipokuwa akisikilizwa kutoka Zanzibar, alifanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira, ili mapigo ya moyo wake na shinikizo la damu vipimwe kutoka ardhini. Muda mfupi baadaye aliliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi. Hivyo swali la kama mwili wa mwanadamu utastahimili kukaa huko lilikuwa miongoni mwa maswali ya mwanzo yaliyoulizwa kupitia ardhi ya Unguja. Kituo kilifanya kazi hiyo pia katika safari za Scott Carpenter na Walter Schirra mwaka huo huo, na katika safari ya Gordon Cooper mwezi wa Mei 1963, iliyochukua zaidi ya saa 34.

Kisiwani, hata hivyo, mambo yalikuwa na sura nyingine. Mapatano ya Tunguu yalitiwa saini na nchi mbili, na hapana hata moja kati yao iliyokuwa ya Wazanzibari. Wapinzani wa ukoloni walikilalamikia kituo hicho hadharani, na wapo waliokiita kambi ya makombora. Wamarekani walieleza kwamba kazi yake ilikuwa ya kisayansi na ya kiraia, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini hizo zilikuwa zama za vita baridi, na roketi iliyompaisha Glenn, Atlas, ilibuniwa kwanza kuwa kombora la kubebea bomu la nyuklia. Mwananchi ambaye hakuulizwa hana wajibu wa kuamini. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 serikali mpya ya Abeid Amani Karume iliamua kituo kiondolewe, na mwaka huo huo mitambo ikafunguliwa na kuondoshwa. Kazi ya kusikiliza upande huu wa bahari ilichukuliwa na kituo cha Tananarive, Bukini. Nacho kilifungwa mwaka 1975, baada ya serikali mpya ya huko kudai kodi ya ardhi yake.

Watu wa Kilwa ya karne ya 14 wangelielewa jambo hilo upesi. Mgeni wa Tunguu alikuja na elimu kubwa na nia isiyokuwa mbaya, lakini hakuwa na mwenyeji. Alipatana na mlinzi wa nyumba badala ya mwenye nyumba, na siku mwenye nyumba aliposhika funguo zake, mapatano hayo hayakuwa na uzito.

Waliokosa msimu

Huko juu, wakati huo, muda wa kukaa ulikuwa ukirefuka. Mwaka 1971 Umoja wa Kisovieti ulirusha Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga. Georgi Dobrovolski, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev waliishi humo zaidi ya wiki tatu, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Tarehe 30 Juni, wakiwa njiani kurudi, vali ilifunguka kabla ya wakati, hewa ikatoka, na chombo kilipotua kwa utaratibu wake wote watatu walikutwa wamekufa vitini mwao. Watu wa kwanza kuishi katika kituo cha anga hawakurejea hai. Tangu hapo kila safari ndefu ilipangwa kuanzia mwisho wake.

Wamarekani walifuata kwa Skylab, ambako watatu walikaa siku 84 hadi Februari 1974. Kisha ukaja Mir, uliorushwa mwaka 1986. Humo daktari Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo, kutoka Januari 1994 hadi Machi 1995, ili ijulikane kama mwili utaweza kuistahimili safari ya Mirihi. Hapana aliyekaa zaidi yake kwa safari moja. Katika hali ya kukosa uzito mifupa hupungua na misuli hulegea, na wakaao huko hufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku ili waweze kusimama watakaporudi. Kamba ya mpira ya Glenn imekuwa ada ya maisha.

Lakini kisa kinachofanana zaidi na visa vya mwambao ni cha Sergei Krikalev. Aliondoka Baikonur, Kazakhstan, tarehe 18 Mei 1991, akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti, kwa safari iliyotarajiwa kuwa ya miezi mitano hivi. Alipokuwa juu, nchi iliyompeleka ikaanza kuvunjika. Leningrad, mji aliozaliwa na ambao maktaba yake iliuhifadhi urjuza wa Sofala, ukarudishiwa jina la Saint Petersburg. Kazakhstan ikawa nchi huru. Fedha zikapungua, mpango wa kupeleka mrithi wake ukabadilishwa, naye akaombwa abaki. Alikubali. Alirudi tarehe 25 Machi 1992, baada ya siku 311, na nchi iliyomtuma haikuwapo tena. Mabaharia wengi wa zama za pepo waliondoka chini ya mfalme mmoja wakarudi chini ya mwingine. Aliyemwokoa Krikalev ni watu wa chini, ambao katikati ya msukosuko huo waliendelea kufika kazini, kupokea sauti yake na kumpelekea chakula. Dola ilivunjika, lakini mapatano naye hayakuvunjika.

Wengine walikosa msimu kwa ajali. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Columbia kilisambaratika kikirudi, na watu saba wakafa. Kenneth Bowersox, Donald Pettit na Nikolai Budarin walikuwa katika Kituo cha Kimataifa wakingojea chombo kama hicho kije kuwachukua. Safari za vyombo hivyo zikasimamishwa. Walirudi mwezi wa Mei kwa chombo cha Kirusi, na waliowafuata wakapunguzwa kuwa wawili ili maji na chakula vitoshe. Miaka 21 baadaye, tarehe 5 Juni 2024, Barry Wilmore na Sunita Williams walikwenda kwa safari ya siku chache tu. Chombo chao kipya kikaonekana kuwa na hitilafu, kikarudishwa kitupu, nao wakatua tarehe 18 Machi 2025, baada ya siku 286. Magazeti ya dunia yaliandika kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Kwa mwambao lilikuwa na jina tangu zamani, kukosa upepo, na dawa yake ilikuwa ile ile: kukaa kwa adabu, kufanya kazi ya kituo, na kuwaamini walio bandarini.

Na ngama ipo hata huko. Katika Kituo cha Kimataifa unyevu wa pumzi, jasho na mkojo hukusanywa na kusafishwa yakawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba takriban asilimia 98 ya maji hayo yaweza kurudishwa. Wakaaji wake, walio wanasayansi na marubani wa daraja ya juu, hutumia sehemu kubwa ya siku zao kutengeneza pampu, kubadilisha vichujio na kusafisha vyoo. Baharia wa jahazi alifua maji ayamwage nje, na hawa huyafua wayanywe. Kazi ni ile ile ya chini, isiyosifiwa, ambayo bila yake hapana safari.

Wanaobaki

Mwaka 2008 Japani iliunga katika kituo hicho maabara yake iitwayo Kibo. Kwa Kijapani neno hilo ni tumaini. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ni kilele cha Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 2018, kutoka katika mlango wa Kibo, iliachiwa setilaiti ya kwanza ya Kenya, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Wataliano na Wajapani. Tarehe 2 Desemba 2022 ikafuata ya Uganda, iliyoundwa na wahandisi wa Kiuganda waliosomea kazi hiyo Japani. Ni vyombo vidogo, na maisha ya vyombo vya namna hiyo katika kimo hicho hayazidi miaka michache. Hata hivyo vinatofautiana na Tunguu katika jambo la msingi. Safari hii saini ya mwenye nyumba ilikuwamo.

Kituo cha Kimataifa chenyewe kimezeeka. Mipango iliyotangazwa ni kukiteremsha baharini mwanzoni mwa miaka ya 2030, kama Mir ulivyoteremshwa katika Bahari ya Pasifiki tarehe 23 Machi 2001. Kilwa imekuwa na bahati zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani mawimbi yalikuwa yakiila pwani chini ya misingi na kuta zilikuwa zikianguka. Mwaka 2014 yalitolewa katika orodha hiyo, baada ya miaka ya kazi ya kukarabati kuta, kuzuia mawimbi na kuitunza mikoko. Ilikuwa kazi ya chokaa, mawe na matope, iliyofanywa na mafundi na wanakijiji waliobaki kisiwani muda mrefu baada ya sultani wa mwisho kuondoka.

Kwa hiyo jioni nukta ile inapopita juu ya Msikiti Mkuu, vituo viwili huwa mahali pamoja kwa dakika chache. Cha juu kina watu, nao wanategemea sauti kutoka chini. Cha chini hakina tena mfalme wala dhahabu, lakini kina watu pia, ambao kesho asubuhi watachota maji visimani na kuzitazama kuta kama usiku umeangusha jiwe. Mwanga ukishazimika upande wa mashariki, mvuvi aliyekuwa akiutazama huinama, akachukua upo wake, na kufua maji ya mtumbwi kabla ya kuusukuma baharini.